Ushauri wenu wakuu: dawa ya magugu kwenye ngano, niko Umalila. Binamu yangu wa Uingereza anasema nipige sasa hivi

Mmalila Halisi (22 Aprili)

Heshima kwenu wakuu.

Nina ekari 4 za ngano huku Umalila, upande wa Ilembo, Mbeya Vijijini. Mbegu ni Juhudi. Nilipanda tarehe 27 hadi 29 mwezi wa tatu, kwa kumwaga, siyo kwa mstari (najua mtanisema, semeni tu). Mvua haikunitupa, ngano imetoka vizuri, ina majani matatu, mingine manne. Shida ni kwamba magugu nayo yanakula mbolea ileile. Kuna kishona nguo, mchicha pori, bangi pori, kongwa kule bondeni, na yale majani madogo yenye kiua cheupe chenye kitovu cha njano. Pia kuna nyasi fulani pembeni mwa shamba siielewi, nikiiangalia kwa mbali ni ngano, nikisogea sina uhakika.

Mwaka jana nilipalilia kwa mikono. Vibarua 8, siku 3, na hiyo ni ekari moja tu. Nusu ya ngano waliikanyaga, na kongwa waliyoikata ikaota upya kila kipande.

Sasa nina binamu yangu anafanya kazi kwenye shamba la ngano Uingereza, kule Lincolnshire. Nimemtumia picha, akaniambia "huu ndio mwezi wenyewe, hata sisi tunapiga dawa ya magugu mwezi wa nne, ukichelewa umekwisha". Amenitajia na dawa wanazotumia, moja ya kuua nyasi, moja ya kuua majani mapana. Nimeenda Mwanjelwa kwenye maduka ya pembejeo, hakuna aliyewahi kuzisikia. Mwenye duka mmoja akanipa chupa ya dawa inaitwa tufodi, akaniambia vifuniko viwili kwa bomba la kupulizia, nenda kapige kesho.

Nimepiga kelele kwanza hapa kabla sijapiga dawa. Nawasilisha.

Chasaka (22 Aprili)

Piga Roundup mkuu, inaua kila kitu, asubuhi unalala.

Kamwene Mafinga (22 Aprili)

Chasaka acha utani kuna mtu atasoma hapa na kwenda kufanya. Mleta mada, glifosati (ndiyo iliyomo kwenye Roundup na ndugu zake wote) haichagui. Inapigwa KABLA ya kupanda, magugu yakiwa mabichi, shamba halina zao. Ukiipiga leo utavuna majani makavu.

Nimeweka kiti hapa, nami nina ekari 2 Igowole.

Bwanashamba Mstaafu (22 Aprili)

Mmalila, umefanya vyema kuuliza kwanza. Hiyo chupa iache stoo. Nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu binamu yako hajakudanganya, ila anazungumzia mmea mwingine.

Ngano anayoiona yeye huko ni ngano ya majira ya baridi. Inapandwa mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, inaota, inafunikwa na baridi miezi mitatu minne, na aina hizo hazitoi suke kabisa mpaka zipate wiki kadhaa za baridi kali. Mwezi wa tatu na wa nne jua likirudi, ngano inaamka na magugu yanaamka nayo, ndiyo maana wana dawa za majira ya kuchipua. Mwezi huu ngano yake ina umri wa nusu mwaka. Ina machipukizi (vishina vya pembeni vinavyotoka chini) chungu nzima na mizizi imeshika. Yako wewe ina siku 26.

Ngano yetu, iwe Juhudi, iwe Sifa au Mbayuwayu, haihitaji kulazwa na baridi. Unapanda Machi, unavuna Agosti au Septemba. Kwa hiyo kalenda yenu imegongana kwa bahati tu. Mwezi mmoja, mimea miwili yenye umri tofauti.

Hakuna dawa ya ngano inayosoma kalenda. Inasoma hatua ya mmea. Tufodi, yaani 2,4-D, ni homoni. Inaingia kwenye mmea wa majani mapana na kuufanya ukue hovyo mpaka ujinyonge. Ngano inaivumilia, lakini inaivumilia katika kipindi kimoja tu: kuanzia inapokuwa imetoa machipukizi ya kutosha hadi kabla shina halijaanza kupanda juu. Ukiipiga mapema kama sasa, majani mapya yanatoka yamejisokota kama jani la kitunguu. Ukiipiga umechelewa, suke lililo tumboni linaharibika. Nimeona shamba moja miaka ya nyuma, sitasema wapi, suke limekwama kwenye ala ya jani la juu, limejipinda kama shingo ya kuku aliyechinjwa, na punje zina mapengo. Mwenyewe alikuwa anadai ni baridi.

Kwa hiyo swali lako la "dawa gani" lina maswali matatu ndani yake. Magugu yako ni ya aina gani? Ngano yako iko hatua gani? Na hapo shambani msimu ujao utapanda nini, na jirani kapanda nini? Hilo la tatu watu wa Umalila wanalisahau kila mwaka.

Jibu hayo, halafu piga picha ya hiyo nyasi kwa karibu. Usipige picha ya shamba zima.

Mama Viazi (23 Aprili)

Bwanashamba shikamoo. Hilo la tatu naomba nilichangie mimi maana limenigusa mfukoni.

Mimi niko Uwemba, Njombe. Viazi ndiyo maisha yangu, ngano nalima kidogo. Mwaka juzi kijana wangu alipiga tufodi kwenye ngano, akamaliza, akasuuza bomba na maji mara moja, akaliegesha ukutani. Baada ya siku nne ukungu ukaingia kwenye viazi, akachukua bomba lilelile akatia dawa ya ukungu. Siku ya tatu viazi vyangu vikawa vinainama. Nikadhani mnyauko. Nikang'oa shina, nikalichovya kwenye glasi ya maji kuona kama litatoa ule utandu mweupe, hakuna kitu. Majani ya juu yamejikunja kuelekea chini, mashina yamejipinda kama mkia wa nguruwe. Ekari moja na robo. Na vile viazi vilivyopona vilikuja na nyufa, mnunuzi akavikataa.

Tone la tufodi lililobaki kwenye mpira na kwenye nozeli ndilo lililofanya yote hayo. Tangu hapo nina bomba mbili na ole wake atakayezichanganya.

Mmalila Halisi (23 Aprili)

Mzee shikamoo, na pole sana mama. Majibu yangu:

Majani mapana ndiyo mengi, naweza kusema robo tatu ya magugu yote. Msimu ujao, mwezi wa kumi hivi, nusu ya shamba naweka viazi, nusu njegere. Jirani wa juu ana pareto, tena iko kwenye maua. Wa chini ana maharage yamekaribia kuvunwa.

Picha ya nyasi hiyo hapo.

Bwanashamba Mstaafu (23 Aprili)

Picha imetia ukungu. Fanya hivi. Ng'oa mche mmoja wa hiyo nyasi na mmoja wa ngano, polepole, na udongo wake, ili ile mbegu iliyouzaa mche isikatike. Uoshe. Tazama mahali jani linapoungana na shina. Ngano ina masikio mawili madogo yanayokumbatia shina, ukitumia kioo cha kukuzia utaona yana vinyweleo. Oti mwitu haina masikio hayo. Halafu tazama mbegu chini: ya ngano ni punje tupu, ya oti mwitu ni ndefu, nyeusi au kahawia, bado ina ganda lake.

Mmalila Halisi (23 Aprili, jioni)

Nimefanya. Haina masikio mzee! Na mbegu yake ni nyeusi yenye manyoya. Miaka yote hii naiita "ngano dume".

Nimehesabu, ipo upande mmoja tu, ule unaopakana na njia, vishina kama mia hivi.

Kamwene Mafinga (23 Aprili)

Hahaha ngano dume. Sisi kwetu tunaiita ngano ya shetani.

Bwanashamba Mstaafu (23 Aprili)

Mia moja unang'oa kwa mkono. Fanya kabla haijatoa mbegu, maana inapukutisha kabla ngano haijaiva na mbegu zake hukaa ardhini miaka kadhaa. Weka kwenye mfuko, toka nazo shambani. Huna haja ya kununua dawa ya nyasi kwa ajili ya kona moja.

Wenye nyasi shamba zima ndio wanaohitaji zile dawa za gharama: klodinafopu, fenoksapropu, pinoksadeni, au piroksulamu ambayo inachukua nyasi na baadhi ya majani mapana. Nyingi katika hizo zimechanganywa na kinga ya kuisaidia ngano kuivunja dawa kabla haijaidhuru, ndiyo sababu zinaua nyasi ndani ya nyasi mwenzake. Lakini tahadhari: msizichanganye na tufodi kwenye bomba moja. Tufodi inazipunguza makali zile za jamii ya klodinafopu na fenoksapropu. Utaua majani mapana, nyasi zitakucheka. Piga moja, subiri siku kama lebo inavyosema, ndipo upige ya pili.

Ndago na sangari hazimo kwenye mazungumzo haya. Hizo ni za kupambana nazo kabla ya kupanda.

Kamwene Mafinga (24 Aprili)

Ngoja niseme yangu, nilikuwa naona aibu.

Miaka mitatu nyuma nilikwenda dukani (jina la duka libaki kwangu) nikasema nataka dawa ya magugu, ngano ina nyasi. Kijana wa dukani akanipa chupa, akasema "hii inaua nyasi zote, mahindi yanabaki yanacheka, watu wanaisifia". Mimi kichwani: mahindi ni nafaka, ngano ni nafaka, mambo yamekwisha. Nikapiga ekari moja na nusu Jumamosi. Jumatano ngano haijasema kitu. Wiki iliyofuata majani ya katikati yakageuka njano, halafu zambarau kidogo, ukilivuta jani la kati linachomoka lenyewe, chini limeoza. Nilikuwa nimepiga nikosulfuroni. Kwa mahindi ni sawa kabisa. Kwa ngano ni sawa na kuipiga jembe.

Mke wangu alikaa wiki nzima haniulizi kitu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Kwa hiyo vijana: "ya mahindi" siyo "ya nafaka". Na atrazini ni vilevile. Mahindi hayaijali, ngano inaijali. Ukiwa umepiga atrazini nyingi kwenye mahindi kisha ukamwaga ngano shamba hilohilo mapema, kuna mabaki yanayoweza kuikausha ngano ikiwa changa.

Pembejeo Kwanza (24 Aprili)

Wadau, nafanya kazi ya kuuza pembejeo, msitupige mawe wote. Mleta mada, mimi nisingekupa tufodi. Ningekupa metsulfuroni. Inatumika gramu chache tu kwa ekari, haipepei kama tufodi, inaua kishona nguo na mchicha, inafanya kazi hata kwenye baridi, na unaweza kuipiga ngano ikiwa na majani matatu bila kungoja. Ukitaka nitakuelekeza pa kuipata.

Bwanashamba Mstaafu (24 Aprili)

Pembejeo Kwanza, ulichosema ni kweli, isipokuwa umeacha swali la tatu.

Kasema anaweka viazi na njegere mwezi wa kumi. Metsulfuroni na baadhi ya jamaa zake hukaa kwenye udongo. Lebo zake hutaja miezi ya kusubiri kabla ya kupanda mazao ya majani mapana, na mazao hayo ndiyo hayahaya: viazi, mikunde, mboga. Kwenye udongo wenye tindikali kama wa kwetu inavunjika haraka kuliko kwenye udongo wa chokaa, hilo nakubali. Lakini baridi na ukame wa Juni hadi Septemba vinaichelewesha. Mimi nisingecheza kamari na viazi vya mtu.

Na hizo gramu chache ndizo shida nyingine. Atapima na nini? Kizibo cha soda? Mkulima akizidisha mara mbili kwenye tufodi anapoteza fedha na ngano inaumwa. Akizidisha mara mbili kwenye metsulfuroni, msimu ujao njegere zinamuuliza.

Pembejeo Kwanza (24 Aprili)

Mzee hapo umenishika. Sikuiona ile ya viazi. Basi kama angetaka jamii hiyohiyo bila mabaki marefu kuna tribenuroni, hiyo haikai sana ardhini. Na florasulamu nayo inafanya kazi hata baridi ikishuka. Ila lazima niseme ukweli, siyo kila duka huku linazo.

Bwanashamba Mstaafu (24 Aprili)

Hapo sasa tunazungumza. Tribenuroni kwa shamba lake ni sawa, akiipata ikiwa na namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwenye lebo. Asiponunua yenye namba hiyo asinunue kabisa, chupa zisizo na kwao ni nyingi.

Tufodi yenyewe kwenye udongo haidumu, wiki chache imekwisha, kwa hiyo viazi vya Oktoba viko salama. Hatari yake ni upepo na bomba. Udongo siyo tatizo lake. Anunue iliyoandikwa amini, asinunue esta. Esta inageuka mvuke jua likiwaka na kutembea mpaka kwa jirani hata kama upepo haukuwepo ulipopiga.

Chasaka (25 Aprili)

Sasa mbona mnazunguka, kwani hao wazungu si wana dawa bora zaidi? Aagize tu.

Bwanashamba Mstaafu (25 Aprili)

Chasaka, hao unaowasema wana nyasi moja, Alopecurus myosuroides, imeshazoea dawa zao kiasi kwamba dawa za majira ya kuchipua peke yake haziiwezi tena. Wanaanza kupiga tangu kupanda, mwezi wa kumi, wengine wamebadili hata tarehe ya kupanda kwa sababu yake. Walirudia dawa za kundi moja mwaka baada ya mwaka, zikabaki nyasi zisizosikia. Kule Rothamsted, kituo chao cha utafiti wa kilimo, wana shamba la majaribio la Broadbalk, ngano imepandwa hapo tangu 1843, na kuna sehemu yake haijawahi kupigwa dawa ya magugu hata siku moja. Watu wanakwenda kuangalia magugu pale kama tunavyokwenda Kitulo kuangalia maua.

Akiagiza dawa yao bila kuwa na gugu lao, atakuwa amenunua koti la mvua aende nalo Usangu kiangazi.

Mmalila Halisi (26 Aprili)

Nimeelewa. Nasubiri machipukizi. Nitarudi.

Mmalila Halisi (9 Mei)

Wakuu nimerudi. Nimefanya kama mzee alivyonielekeza inbox. Nilichukua mche, nikachagua shina kuu, nikalipasua katikati kwa wembe kuanzia kwenye mizizi. Ndani kuna kitu kidogo kama ncha ya pensheli ya kijani, kiko chini kabisa, hata nusu sentimita kutoka kwenye mizizi hakijafika. Hilo ndilo suke! Miaka kumi na moja nalima ngano sijawahi kuliona suke likiwa dogo hivyo. Nilimwita mwanangu aone. Nimepasua miche 10 kutoka sehemu mbalimbali, yote hivyohivyo. Kila mche una machipukizi 3 mpaka 4.

Mzee alisema likifika sentimita moja kutoka chini ndiyo mlango unafungwa. Kwa hiyo nina siku chache.

Sasa suala la kipimo. Lebo ya hii amini niliyonunua (nimerudisha ile ya kwanza, ilikuwa esta, jamaa alinuna ila akanibadilishia) inasema lita 1 kwa hekta. Mwenye duka alisema vifuniko viwili kwa bomba, nimepima kifuniko, ni 50 ml. Yaani 100 kwa bomba. Ni sawa?

Kamwene Mafinga (9 Mei)

Hapo ndipo sote tunapoangukia. HEKTA siyo ekari. Hekta moja ni ekari mbili na nusu karibu. Kwa ekari ni 400 ml.

Na huwezi kujua ngapi kwa bomba mpaka ujue wewe mwenyewe unatumia bomba ngapi kwa ekari. Pima mita 10 kwa 10. Weka maji tupu, piga kama utakavyopiga siku hiyo, mwendo uleule, halafu uone maji mangapi yametoka. Ukitumia lita 2 hapo, ni lita 80 kwa ekari, yaani bomba 5 za lita 16. Basi 80 ml kila bomba.

Mmalila Halisi (10 Mei)

Nimepima. Nimetumia lita 3, siyo 2. Natembea taratibu na nozeli yangu ni ile ya kuzunguka. Nikapiga hesabu na mwanangu, lita 120 kwa ekari, bomba 7 na nusu. Kama ningefuata vifuniko viwili ningeweka 750 ml kwa ekari badala ya 400. Karibu mara mbili!

Bwanashamba Mstaafu (10 Mei)

Badilisha nozeli, weka ile bapa inayotoa maji kama feni, ukipata. Usipopata, basi 53 ml kwa bomba, pima kwa bomba la sindano la daktari wa mifugo, kifuniko uachane nacho. Maji yawe masafi. Jaza nusu, tia dawa, koroga, jaza iliyobaki.

Siku yenyewe: umande ukauke kwanza, kwenye saa tatu asubuhi. Upepo ukianza kutikisa majani ya mti, acha. Upate angalau masaa 6 bila mvua. Na usingoje Juni, baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 magugu yanakuwa hayakui na tufodi haina pa kushika. Ukiamka ukakuta barafu kwenye majani, siku hiyo usiguse bomba.

Glavu, gamba buti, na nguo ndefu. Usile mhindi katikati ya kazi.

Halafu kazungumze na mwenye pareto.

Mmalila Halisi (13 Mei)

Nimekwenda kwa mzee wa pareto. Alinisikiliza mpaka mwisho akaniambia, "Kijana, mwaka juzi pareto yangu upande huu ilisokotana, nikadhani nimerogwa. Kumbe ni wewe?" Nikamwambia mwaka juzi sikupiga dawa mimi, aliyelima hapa alikuwa mwingine, mimi nilikodi mwaka jana. Tukacheka ila sikuona kama amecheka kwa moyo.

Tumekubaliana hivi. Mita 10 za mpaka wake sipigi kabisa, nitapalilia kwa mkono. Na ananipigia simu asubuhi, yeye akiona moshi wa jiko lake unakwenda kwangu ndipo naanza. Moshi ukigeuka kuelekea kwake, naacha. Wa maharage amesema anavuna wiki hii, nimemsubiri.

Mama Viazi (13 Mei)

Hiyo ya moshi nimeipenda. Andika bomba lako jina kabla ya kuanza.

Mmalila Halisi (16 Mei)

Nimepiga jana na leo. Ekari 3 na kitu. Jana moshi uligeuka saa tano, nikaacha nusu shamba, leo nimemalizia. Kuosha bomba: mara tatu kwa maji, halafu nikajaza maji na magadi ya kufulia, nikasukuma yapite kwenye mpira na nozeli, nimeyaacha humo mpaka kesho asubuhi, nitasuuza tena. Maji ya kuoshea nimeyamwaga pembeni ya shamba hilohilo la ngano, mbali na kijito. Makopo nimeyasuuza na kuyatoboa.

Pembejeo Kwanza (17 Mei)

Safi. Usiogope ukiona ngano imelala kidogo siku mbili tatu, inainuka.

Mmalila Halisi (2 Juni)

Mrejesho.

Siku ya pili tu kishona nguo na mchicha zilianza kujipinda, siku ya nne ilikuwa kama mtu amezifunga vifundo. Leo wiki mbili na nusu, mchicha pori umekufa, bangi pori imekufa ile ndogo, ile kubwa imebaki fupi ya njano lakini bado ipo. Vile viua vyeupe vimekwisha. Kongwa changa imekufa, ile iliyokuwa imeshatambaa imejikunja ikaacha, sasa inachipua tena kwenye vifundo. Ngano haina jani la kitunguu hata moja, nimepita kila pembe. Oti mwitu nimejaza viroba viwili, nimekuta nyingine katikati ya shamba ambazo sikuwa nimeziona.

Kule kwenye mita 10 za mpakani tulipalilia mimi, mke wangu na watoto, siku mbili. Pareto ya mzee haina shida. Jana alinipita na toroli la maua akasema "mwakani tena unipigie".

Binamu naye nimemtumia picha. Amenijibu ngano yao sasa inatoa suke na wanahangaika na nyasi ile aliyoitaja mzee, wanaing'oa kwa mkono wakiwa na mifuko begani. Nikamwambia karibu Umalila.

Mzee, kongwa nifanyeje?

Bwanashamba Mstaafu (2 Juni)

Hongera. Kongwa iliyotambaa usiipige tena, shina la ngano limeshapanda. Ng'oa, itoe shambani kabisa, usiiache juu ya udongo, kila kifundo kinaota. Na baada ya kuvuna usiitegemee glifosati kuimaliza, kongwa inaivumilia sana. Iwahi ikiwa na majani mawili matatu msimu ujao. Na mwakani mwaga mbegu nzito kidogo, au panda kwa mstari, ngano yenyewe iyafunike.

Mmalila Halisi (2 Juni)

Ndaga fijo mzee. Nitapanda kwa mstari, nimekoma.

Mama Viazi (3 Juni)

Mmalila, bomba uliliandika?

Mmalila Halisi (3 Juni)

Nimeandika TUFODI kwa rangi nyekundu, mama, nimelitundika kwenye banda la kuku. La viazi nimenunua la bluu, liko ndani chini ya kitanda.

Mama Viazi (3 Juni)

Na ufunguo wa banda unao nani?